Kiingereza Kwanza, Kigiriki Baadaye

Kitambaa cheusi cha bitana ninacho mpaka leo. Nimekikunja chini ya mashine, na mke wangu Rabia amejaribu mara tatu kukifanya cha kufutia vumbi. Mara zote tatu tumegombana. Ukikinyoosha mlangoni penye mwanga utaona mistari hafifu ya chaki ya fundi, ya bluu na nyeupe, na neno moja la Kiingereza lililokataa kutoka kwa sababu lilifutwa na kuandikwa upya mara nyingi mno. Hapo ndipo alipojifunzia Sofia.

Mimi ni Abibu, fundi wa nguo hapa Ruashi, pembeni ya Lubumbashi. Babu yangu alitoka Kasongo, Maniema, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kitu cha heshima. Ukikisema ovyo ulizabwa kofi. Nimeishi maisha yangu yote katikati ya watu wanaokisema ovyo na sijazoea. Nilipokuwa kijana nilivuka mpaka, nikashona miaka minane Ndola kwa Mhindi mmoja, mchana mashine, jioni shule ya watu wazima. Nilirudi na vitu viwili: mkasi mzuri na sarufi ya Kiingereza. Mkasi ulinilisha. Sarufi ilikaa kichwani bila kazi, maana huku kwetu nani alihitaji Kiingereza? Mambo yote yalikuwa Kifaransa, na baadaye Kifaransa pamoja na nyimbo za Chama, kile kimoja kilichotawala.

Nazungumzia mwaka 1976. Nchi iliitwa Zaire, mkoa wetu uliitwa Shaba, na kila mwanamume mwenye kazi ya maana alitakiwa avae abakosti, lile koti lisilo na tai. Waliotaka kulalamika walilalamika, mimi nilishona. King'ora cha kampuni ya shaba kilipolia asubuhi mashine yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia, na kilipolia tena jioni ilikuwa bado inakimbia. Wafanyakazi wa shaba walipata unga wao kila mwezi, barabara zilikuwa na taa, na Jumapili watu walitembea mjini wamevaa nguo nilizozishona kwa mikono yangu. Nikikumbuka siku zile moyo unaniuma kabisa, ingawa Rabia hunikumbusha kwamba hata wakati ule nilikuwa nanung'unika.

Sofia aliingia dukani Alhamisi moja jioni, nikadhani ameleta sketi ya kupunguza. Nilimjua kwa sura tu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, chotara, mwenye nywele alizozifunga kwa nguvu utadhani zimemkosea. Alipiga taipu katika ofisi moja mjini, mahali ambapo kila asubuhi walitakiwa kwanza kucheza na kuimba sifa za Chama uani ndipo waruhusiwe kuketi. Aliishi mitaa miwili kutoka kwangu pamoja na mama yake, Mama Mwape, aliyeuza samaki wakavu sokoni.

"Papa Abibu," akasema, "bantu banasema weye unajua Kiingereza ya mu bitabu."

"Kiingereza ni kimoja," nikamjibu. "Cha vitabuni na cha dukani ni kilekile. Watu ndio wanakiharibu."

"Miye nilisoma kwa masista myaka mbili tu. Naelewa maneno, lakini sielewi vile banayapanga."

Akatoa mfukoni kitabu kinene, jalada la kijani, pembe zimeliwa na mchwa. Kilikuwa kitabu cha kujifunzia Kigiriki, kimeandikwa kwa Kiingereza. Kilikuwa cha mchungaji mmoja Mwingereza aliyerudi kwao, na mpishi wake alikipeleka sokoni pamoja na masufuria. Sofia alikipata kwa kubadilishana na fungu la samaki wa mama yake. Akanifungulia ukurasa wa kwanza. Mwandishi alionya, nakumbuka maana si maneno, kwamba mwanafunzi asiyejua vizuri sarufi ya Kiingereza asijisumbue na Kigiriki. Arudi kwanza akatafute katika sentensi ni nani anayetenda, nani anayetendwa na nani anayepewa, kisha ndipo afungue ukurasa wa pili. Nilimpenda yule mtu papo hapo. Alikuwa na mpangilio.

"Kigiriki cha nini?" nikauliza.

Hapo ndipo aliponieleza, amesimama, mkoba kifuani, na mimi sikumkaribisha kiti mpaka alipokuwa amefika katikati ya maneno yake. Nilijuta baadaye.

Alizaliwa Kilwa, na nasema Kilwa yetu, ile ya ziwa Mweru, maana kila nikiitaja anatokea mjuaji wa kuniambia habari za pwani. Baba yake alikuwa Mgiriki, jina lake Pantelis, watu wa ziwani wakamwita Pantelisi. Alifika pale akiwa kijana, akafanya biashara ya samaki miaka ishirini na minne, akiwakausha na kuwapeleka kwa lori kwenye miji ya shaba. Aliishi na Mama Mwape nyumba moja, wakapata mtoto mmoja, akampa jina la mama yake mzazi, Sofia. Kiswahili alikisema, Kibemba alikisema, Kifaransa kidogo cha kugombana na maofisa. Lakini kusoma na kuandika alijua herufi za kwao tu, maana shule aliiacha akiwa na miaka kumi. Kila sanduku la samaki aliliandika ubavuni kwa mkaa, kwa herufi hizo, na watoto wa Kilwa walisema ni sisimizi wamepita na miguu michafu.

Mwisho wa mwaka 1973 ikatoka amri kwamba biashara za wageni zichukuliwe na wananchi. Duka na lori vikapata mwenyewe mpya. Mwanzo wa mwaka uliofuata Pantelisi akapanda lori lililokuwa lake, ana begi moja na sanduku moja, akamwambia Mama Mwape kwamba atapitia Lubumbashi kumuaga mtoto kabla ya kwenda kwao. Sofia wakati huo alikuwa huku, bwenini kwa masista.

"Hakupita," Sofia akasema. "Nilijua ku vacances, masomo ilipofungwa, nilipofika nyumba nikakuta bantu bengine ndani. Mama anasema papa alisema atapita kwangu. Alipita mu muji yangu, Papa Abibu, na hakuniona. Nataka kumuuliza juu ya nini alifanya vile. Akishanijibu, nitanyamaza."

Alikuwa amemwandikia barua mbili kwa Kifaransa, kwa anwani aliyoinakili herufi kwa herufi kutoka bahasha za zamani ambazo shangazi yake, dada wa Pantelisi, alimtumia baba yake kutoka kwao. Hazikujibiwa. Nilimuuliza kwa nini asiende kwa Wagiriki wa mjini, kwani walikuwepo bado, wengine walikuwa wamerudishiwa maduka yao, wamwandikie mara moja yaishe. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Hakutaka jambo la baba yake lipite vinywani mwa watu watakaouliza mama yake ni nani na kama kule kwao hakuna mke mwingine. Alitaka kuandika kwa mkono wake, kwa herufi ambazo baba yake angezisoma bila msaada wa mtu.

Basi Alhamisi iliyofuata tukaanza. Ubao sikuwa nao. Nilitundika ukutani kipande cha bitana nyeusi, nikachukua chaki zangu za kuchorea nguo: ya bluu kwa anayetenda, nyeupe kwa anayetendwa, na nyekundu, ambayo ilikuwa adimu na niliificha, kwa anayepewa. Nilimweleza kwamba sentensi hukatwa kabla ya kushonwa, na kwamba kola haiwekwi kiunoni hata ikiwa nzuri namna gani. Alikuwa mwepesi wa kushika lakini mbishi. Mimi nilikuwa mwepesi wa hasira. Mara nyingi chaki iliruka.

Rabia alileta kigoda chake Alhamisi ya pili, pamoja na kinu na majani ya sombe, kisamvu chetu, ingawa sombe hutwangwa uani na si dukani. Alinitazama mimi, akamtazama msichana, akatwanga. Alhamisi ya nne alikuwa ameridhika kwamba pale hapakuwa na jambo jingine zaidi ya sarufi, lakini hakurudisha kinu uani. Alhamisi ya kumi Sofia alikosea, na kabla sijafungua mdomo Rabia akasema kutoka kwenye kigoda, "Hapo inataka nyeupe." Ilikuwa kweli inataka nyeupe.

Siku moja nilimwambia Sofia anipe sentensi fupi, yenye mtenda na mtendwa, basi. Akaandika kwa Kiingereza: wasichana walikula samaki. Ilikuwa sahihi, bluu mwanzo, nyeupe mwisho. Nikataka tuendelee, yeye akabaki anaitazama. Akasema kwamba mwaka ule baba yake alipoondoka, siku moja bwenini walipikiwa samaki wakavu wa ziwani, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, maana masista waliwalisha maharagwe mpaka midomo ikageuka maharagwe. Alijua kwa moshi wake kwamba ni samaki wa kwao. Alikula sahani mbili, sista akamgombeza kwa ulafi mbele ya wenzake, na yeye akalia kwa kukumbuka nyumbani.

"Hadithi baadaye," nikamwambia. "Kitenzi kwanza."

Siku nyingine tuligombana vibaya zaidi. Tulikuwa kwenye nyakati za vitenzi. Kiingereza, kama Kiswahili chenye adabu, hutenganisha mtu aliyeondoka, jambo likaisha, na mtu ambaye ameondoka lakini jambo lake bado liko mezani. Nilimwambia aandike kwamba baba yake aliondoka mwaka 1974. Akaandika kwamba ameondoka. Nikafuta. Akaandika vilevile. Nikamwambia mwaka umetajwa, miaka mitatu karibu inapita, jambo limeisha, kanuni ni kanuni. Akachukua chaki akaandika mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika.

"Kwako njo iliisha," akasema. "Kwangu hapana."

Nilirusha kipande kilichobaki kikampata Rabia begani. Rabia alisimama, akakiokota, akampa Sofia, akarudi kuketi. Hilo ndilo neno lisilotoka kwenye kitambaa.

Ilipofika miezi tisa nilimwambia sasa anaweza kufungua ukurasa wa pili. Hapo akaniuliza jambo ambalo ningelijibu vingine kama ningekuwa na akili. Kwenye jalada paliandikwa kwamba hiki ni Kigiriki cha kale. Akataka kujua kama hicho cha kale ndicho cha baba yake.

Nikamjibu kwa majivuno yangu yote. Nilimwambia kila lugha ina ya kale iliyo safi na ya sasa iliyoharibiwa na watu wa sokoni. Nikamwambia aangalie Kiswahili: babu yangu alikisema kimenyooka, na huku Lubumbashi wanasema muntu, bantu, iko hapa, iko pale, mpaka masikio yanauma, lakini mtu akisimama mbele yao akasema Kiswahili cha babu yangu, si watamwelewa na watamheshimu zaidi? Nikamwambia baba hasemeshwi kwa lugha ya mtaani. Cha kale ndicho kizuri. Sofia alinisikiliza, akaamini. Nilikuwa mwalimu wake.

Akajifunza. Kitabu kile kilikuwa kigumu kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Jina moja linabadilisha mkia mara tano kutegemea anatenda au anatendwa, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mwandishi alitutaka tujue Kiingereza kwanza. Tulikuwa na bluu na nyeupe na nyekundu tayari, tukazihamishia huko. Ulikuwa mwaka wa vita vya kwanza vya Shaba, watu walizungumza kwa sauti ya chini na askari walikuwa kila njia panda, na sisi Alhamisi tulikuwa dukani tunatafuta mkia wa neno baba. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naisema hivyo hivyo.

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari sita na ilichukua miezi minne. Ilisema: Baba, mimi ni Sofia binti yako. Mama ni mzima. Tunakaa Lubumbashi. Ulisema utapita kuniona. Kwa nini ulipita bila kuniona? Nijibu. Aliinakili kwenye karatasi safi, nyuma ya bahasha akaandika sanduku la posta la ofisini kwake, tukaenda wote watatu mpaka posta kubwa, Rabia amevaa kitenge kipya kama tunaenda harusini.

Wiki tatu baadaye Sofia alirudi dukani siku isiyokuwa Alhamisi. Alikuwa amepita kwenye duka la mkate la bibi mmoja Mgiriki mjini, na kwa kuwa alijiona sasa ana lugha, alimsalimu kwa salamu ya kitabuni na kumwomba mkate. Bibi alimkodolea macho. Kisha alicheka mpaka akaketi, kisha akajifuta macho, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili kwamba ile ni lugha ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba wao walifundishwa vipande vyake shuleni kwa fimbo, na kwamba hakuna Mgiriki anayemwita mwanawe kula kwa lugha ile. Akampa mkate bure.

Sofia aliweka mkate na kitabu juu ya meza yangu ya kukatia.

"Papa Abibu, papa yangu alisoma myaka ine tu. Nilimuandikia mu lugha ya bantu balikufa. Hatasikia hata neno moja. Atasema ni nani huyu anamuchekelea."

Nilikuwa na abakosti ya mtu mikononi. Nilitaka kusema habari za mwandishi, za jalada, za kwamba hata wewe hukuuliza vizuri. Nikasema nimekosea. Rabia alikuwa mlangoni, na alikuwa hajawahi kulisikia neno lile kutoka kwangu tangu nimuoe, akaondoka polepole akaenda uani. Sofia akaitikia kwa kichwa, akaniachia kitabu, akaenda zake.

Hakuja tena. Nilimwona kwa mbali Jumamosi za salongo, sote tukifyeka majani barabarani kwa amri ya Chama, akinisalimu kwa heshima na kusogea upande mwingine. Abakosti ile niliishona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, mwenyewe akaja kunigombeza dukani mbele za watu, nikaufumua. Alhamisi Rabia alikuwa akileta kigoda chake na kuketi, ananitazama, na kitambaa kilining'inia ukutani. Niliona aibu kwelikweli. Mtu alinikabidhi swali lake moja la maisha, nami nikalipeleka kwa watu waliokufa kwa sababu nilitaka kujisifu kwa Kiswahili cha babu yangu.

Miezi minane ilipita. Alhamisi moja jua likiwa bado liko juu, Sofia aliingia na mama yake. Mama Mwape alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyejua kusoma, mwenye harufu ya moshi wa samaki isiyomtoka hata akioga. Sofia alikuwa na bahasha ambayo hajaifungua. Niliigeuza. Anwani ya ofisi ilikuwa imechorwa, si kuandikwa. Mtu asiyezijua herufi zetu alikuwa amekaa na bahasha ya Sofia pembeni akiiga kila mstari.

"Ninaogopa," Sofia akasema. "Usome na miye."

Mama Mwape akaketi karibu na Rabia na kuanza kumsaidia kuchambua sombe. Sofia alifungua. Ukurasa mmoja, pande zote mbili, herufi kubwa za Kigiriki zinazotetemeka. Neno la kwanza lilikuwa jina lake. Alilisoma, akatabasamu. Neno la pili hakulijua. La tatu pia. Nikachukua kitabu, nikafungua orodha ya maneno nyuma, tukatafuta. Halikuwepo. Tukajaribu kuondoa mkia, tukajaribu kuondoa kichwa. Halikuwepo. Sofia alisema basi ni kile Kigiriki cha sasa, tusichokijua. Lakini hata vile vijineno vidogo, ambavyo bibi wa mkate alimwambia vimebaki vilevile tangu zamani, humo havikuwemo.

"Huyu mzee," nikasema, na hasira yangu ya zamani ikapanda, "hajui Kigiriki cha kale wala cha leo."

Sofia aliendelea kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa matamshi aliyofundishwa na kitabu, akichechemea, maana herufi zile hazikuwa na sauti zote zilizohitajika. Mama Mwape aliacha kuchambua.

"Soma tena pale," akasema.

Sofia akasoma tena.

"Lubilo kiloko. Usikate-kate."

Akasoma haraka zaidi, bila kukatiza, na mama yake akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa.

"Njo yeye," akasema. "Anasema, mutoto yangu, miye iko muzima. Sofia, ni Kiswahili. Ni papa yako anasema, vile alikuwa anasema siku zote."

Miaka miwili ya bluu na nyeupe na nyekundu, na mzee alikuwa ameandika Kiswahili cha ziwani, kibovu kuliko chote nilichowahi kukisikia, kwa herufi pekee alizokuwa nazo. Nadhani na zile alizokuwa akiandika kwenye masanduku kwa mkaa zilikuwa hivyohivyo, na Kilwa nzima haikujua kwamba inaandikwa lugha yake. Ukiwaondoa Wagiriki, katika mji wetu wote mtu aliyeweza kuzisoma na kuzielewa alikuwa Sofia peke yake. Tulifunga kitabu. Sofia akaanza upya, mara hii akisikia anachosoma, na mimi nayaweka maneno jinsi yalivyokuwa.

"Sofia mutoto yangu. Miye iko muzima. Barua yako mbili ya kwanza ilifika, hapa mu kijiji hakuna muntu anajua kuisoma, niliiweka pamoja na picha ya batakatifu. Ya tatu nilipeleka kwa padri. Alivaa miwani, akasoma siku mbili. Akaniuliza, huyu mutoto yako ni profesere? Nikamuambia ndiyo. Padri aliambia kijiji yote. Sasa bananisalimia muzuri."

Rabia alicheka na kulia pamoja. Sofia akageuza ukurasa.

"Unaniuliza juu ya nini nilipita bila kukuona. Sikupita. Nilisimama ku mulango ya masomo yako, kwa masista, siku mbili. Mulinzi alikuwa na liste ya majina. Nilimuambia Sofia. Akatafuta, akasema Sofia hakuna. Nikamuambia mutoto ya Kilwa, mutoto ya muzungu. Akasema hapa batoto bote ni ba Zaire, nisimuletee matata. Mama yako aliniambiaka ile jina mupya balikupatia. Nilikataa kuishika, juu Sofia ni jina ya mama yangu. Kosa ni yangu."

Hapo nikakumbuka. Tangu mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, kila mtu akachukua la mababu, na Sofia kwenye karatasi zote alikuwa Chomba. Bwenini masista walilibadilisha hata kwenye lebo zilizoshonwa kwenye shuka zake. Sofia lilikuwa limebaki mdomoni mwa mama yake tu, na kwetu sisi wa Alhamisi. Mimi mwenyewe nilishona lebo kama zile za watoto wengine, nyingi tu, na sikuwahi kuzifikiria.

Sofia alikuwa amefika mwisho wa karatasi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, Mama Mwape akasogeza kigoda karibu.

"Siku ya pili kamyo ilitaka kwenda. Nilikuwa na sanduku moja ya samaki, ya mwisho. Nilipatia mulinzi. Nikamuambia, peleka ku jikoni, bapikie batoto bote. Kama Sofia iko mu bote, atakula."

Nje king'ora cha kampuni kililia, wanaume wakaanza kupita na baiskeli zao kutoka kazini. Sofia alikuwa hatazami barua tena. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye bitana nyeusi ambayo sikuwahi kuishusha.

"Mama," akasema, "nilikulaka. Sahani mbili. Nilikulaka."

Mama yake akamvuta, akamlaza kichwa mapajani kama mtoto mdogo, na Sofia akalia vile ambavyo sikuwahi kumwona akilia hata siku ya mkate. Nilitoka nikaenda kusimama barabarani nikijifanya naangalia baiskeli. Niliporudi alikuwa ameketi, amejifuta uso, anaomba karatasi. Nilikuwa na ile ya kukatia vielezo vya nguo tu, ya rangi ya kaki. Nikamkatia kipande kwa mkasi wangu wa Ndola, nikamchongea penseli.

Akaandika jina la baba yake. Chini yake, kwa herufi za Kigiriki na kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akaandika neno lile moja, nilikulaka, akaligeuza upande wangu kama alivyozoea, nilikague. Nililitazama. Sikulisahihisha.